Mzambarau wa Kibos: uchambuzi wa mavuno yaliyoharibika kabla ya kufika jikoni

Kisa hiki kinahusu mzambarau mmoja ulio katika boma la upande wa Kibos, nje kidogo ya mji wa Kisumu, na jinsi matunda yake ya msimu mmoja yalivyoangushwa, yakauzwa, yakapikwa, na kwa sehemu kubwa yakaoza. Wahusika wakuu ni watatu: mama mwenye boma, ambaye wajukuu wake humwita dani, mkaza mwanawe, aliyekuwa na mpango wa kutengeneza jamu ya kuuza, na mchuuzi wa matunda wa soko la Kibuye. Yupo pia mzee wa boma, shemejiye mama huyo, ambaye hakuhusika sana na mavuno lakini ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu mti wenyewe. Majina yao nimeyaacha. Wote wanakubaliana kwamba msimu ule ulikuwa wa hasara, ila kila mmoja anaiweka hasara hiyo mahali pake: mchuuzi anasema aliuziwa matunda mabichi, mkaza mwana anasema lawama ni ya jiko na sufuria, na dani anasema mti umezeeka. Baada ya kuwasikiliza wote na kuyapanga mambo kwa mfululizo wake, naona kwamba sehemu kubwa ya hasara ilikwisha kupatikana saa chache tu baada ya vijana kupanda mtini, kabla mtu yeyote hajawasha moto.

Hakuna katika boma hilo anayekumbuka mti ulipandwa lini. Mizambarau asili yake ni Bara Hindi na nchi za kusini-mashariki mwa Asia. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na katika miaka michache iliyofuata Wahindi walianza kulima mashamba ya Kibos, kwa hiyo si ajabu kuikuta miti hii mikubwa ikiwa imesimama huko leo, na wakazi wengi wakiyaita matunda yake jamna, jina linalofanana na jamun la Wahindi. Kwa ukoo wa mimea, mzambarau ni ndugu wa karibu wa mkarafuu wa Unguja na Pemba, na mpera nao umo katika jamii hiyohiyo. Mti ukiachwa bila kupogolewa unaweza kufikia mita 30 na kuishi zaidi ya miaka 100. Huu wa Kibos haujafika urefu huo, lakini umeshalipita paa la jikoni mara kadhaa, na jambo hilo lina uzito katika kisa hiki kuliko umri wake.

Makubaliano yaliyofanywa yalikuwa ya kawaida sana katika biashara ya matunda ya magharibi mwa Kenya. Mchuuzi aliununua mti ukiwa na matunda yake yote, akalipa nusu ya bei, akaahidi kulipa nusu nyingine mavuno yakishapakiwa, na akaleta vijana wa kuangua kila kitu kwa siku moja. Mkaza mwana alipewa ruhusa ya kuchukua yatakayobaki kwa ajili ya jamu yake. Mpango huo una mantiki yake, kwa kuwa gari huitwa mara moja, vibarua hulipwa mara moja, na mwenye boma hasumbuliwi na watu wanaoingia na kutoka kila siku. Kwa maembe na maparachichi hauna kasoro kubwa. Embe lililokomaa likichumwa likiwa bado la kijani huiva ndani ya kikapu, na parachichi haliivi kabisa mpaka litengwe na mti. Mchuuzi huyo amekulia katika biashara ya matunda hayo mawili, na alipokuja kwa mzambarau alikuja na desturi yake ileile.

Zambarau haina tabia hiyo. Ikichumwa nyekundu itabaki nyekundu. Italegea, itasinyaa, hatimaye itaoza, lakini haitaongeza utamu wala haitageuka nyeusi. Jambo la pili ni kwamba shada moja halikubaliani lenyewe kwa lenyewe kuhusu siku ya kuiva: utakuta humo punje za kijani, za waridi, za zambarau hafifu na chache zilizokolea weusi, zote zikining'inia pamoja. Jambo la tatu, ambalo nadhani ndilo lililosahauliwa zaidi, ni kwamba punje iliyoiva kamili haingoji. Huanguka yenyewe siku hiyohiyo au inayofuata. Mti wa namna hii hauwezi kuvunwa kwa siku moja. Mtu akiuvuna kwa siku moja, hata awe hodari namna gani, atapata mchanganyiko wa matunda ambayo mengi hayajafika na ambayo hayatafika tena. Kwa hiyo mchuuzi aliponiambia kwamba aliuziwa matunda mabichi alisema kweli kuhusu hali ya ndoo zake, ila hakuna aliyemdanganya. Ratiba yake mwenyewe ndiyo iliyoyafanya mabichi.

Siku ya kuangua ilianza asubuhi. Vijana wawili walipanda, wakawa wanakanyaga matawi na kuyatikisa kwa nguvu, huku wengine wakibaki chini kupopoa mashada ya pembeni kwa vijiti na mawe. Chini ya mti palikuwa pametandikwa vyandarua vya zamani vya mbu. Muda mfupi kabla ya adhuhuri tawi moja lilikatika, na kijana aliyekuwa juu yake akaanguka pamoja nalo na kuvunjika mkono. Wanaoijua mizambarau hawashangai: matawi yake yanaonekana manene na imara, lakini hukatika ghafla, bila kupinda kwanza na kumpa mtu onyo. Makubaliano hayakuwa na neno lolote kuhusu ajali, na gharama za hospitali zikawa chanzo cha ugomvi wa kwanza kati ya boma na mchuuzi, kila upande ukiona kwamba kijana alikuwa kibarua wa mwenzake. Kazi ikaendelea kwa kupopoa tu.

Hapa ndipo matunda yalipoanza kuharibika. Ngozi ya zambarau iliyoiva ni nyembamba mno, na tunda likianguka kutoka urefu wa mita 10 au zaidi juu ya ardhi iliyokanyagwa ikawa ngumu, hupasuka hata kama ufa wake hauonekani kwa macho. Ufa mdogo unatosha kuiingizia sukari hamira za hewani na uchafu wa ardhini, na katika boma lenye kuku na zizi la ng'ombe uchafu huo si wa kupuuzwa. Chandarua kilichotandikwa moja kwa moja juu ya udongo hakipunguzi kishindo hata kidogo. Zaidi ya hayo, vyandarua vingi vinavyogawiwa katika ukanda huu wa ziwa wenye malaria vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo imekusudiwa kukaa katika nyuzi kwa muda mrefu, hata baada ya kufuliwa mara nyingi. Kuvitumia kupokelea tunda linaloliwa na ngozi yake, tena tunda ambalo wengi hulitia mdomoni bila kuliosha, ni jambo ambalo ningelikataza hata kama lisingekuwa na athari yoyote kwa mavuno.

Jioni zilipatikana ndoo 14 za lita 20. Mchuuzi alichagua 5 zilizokuwa na punje nyeusi nyingi, akaondoka nazo. Nyingine 9 zilibaki barazani. Kisha mvua ikaja kutoka upande wa ziwa, kama ilivyo kawaida ya Kisumu nyakati za alasiri na jioni, na ndoo za ukingoni zikaloa. Asubuhi iliyofuata ndoo kadhaa zilikuwa zimetoa povu, na zile zilizokuwa zimejazwa hadi ukingoni zilikuwa na uji wa rangi ya wino chini kabisa, ukinuka kama siki changa. Sababu mbili zilikutana. Uzito wa matunda ya juu uliyaponda ya chini, na joto la usiku wa Kisumu likaharakisha uchachukaji wa matunda ambayo tayari yalikuwa yamepasuka. Zambarau nzima, isiyo na jeraha, ikiwekwa kivulini mahali penye hewa, hudumu siku moja au mbili hivi kabla ya kuharibika. Iliyopasuka haidumu hata nusu ya muda huo. Mchuuzi naye alirudi siku ileile akitaka kupunguziwa bei, kwa kuwa wateja wa Kibuye na Kondele walichagua punje nyeusi moja moja na kuziacha za waridi zikijaa sinia.

Wateja hao walikuwa na haki. Zambarau ya waridi ina ukakasi unaoukaza ulimi hadi mtu asiweze kuongea vizuri, na hata iliyoiva inabaki na ukakasi fulani ambao ndio sehemu ya tabia yake. Kinachousababisha ni tanini, kemikali ileile inayoufanya ulimi ukauke mtu akinywa chai iliyopikwa kupita kiasi. Kwa hiyo ulaji wa zambarau una adabu yake ndogo, na dani ndiye aliyenionyesha ile anayoifuata. Huchagua punje zilizokolea weusi, zenye kulegea kidogo zikibonyezwa lakini zisizovuja, kisha huziosha kwa maji safi bila kuziloweka. Huziweka katika bakuli lenye kifuniko, akanyunyizia chumvi kidogo, akafunika na kulitikisa bakuli kwa nguvu kiasi cha kuzichubua ngozi. Baada ya robo saa hivi punje zinakuwa zimetoa maji ya zambarau yenye chumvi, ukakasi umepungua, na utamu unajitokeza zaidi. Mtu huitia punje nzima mdomoni, akaivua nyama kwa meno na ulimi, akatema kokwa. Watoto hawajali hatua yoyote kati ya hizo, na msimu ukiwapo unaweza kuwatambua waliopitia chini ya mti kwa kuwaambia watoe ulimi. Madoa yake kwenye nguo ni shida nyingine. Sare nyeupe ya shule ikishapata doa la zambarau, aliyeivaa atabaki nalo mpaka ahitimu.

Punje zilizodonolewa na ndege au kung'atwa na popo dani huzitupa bila kuzibishia, na nadhani hapo hakuna haja ya mjadala.

Tuingie sasa jikoni. Mkaza mwana alikuwa ameipata mapishi ya jamu kutoka Uingereza, ya tunda liitwalo damsoni. Aliichagua kwa sababu maelezo ya tunda hilo yalimkumbusha zambarau: dogo, la mviringo mrefu, la buluu iliyokaribia weusi, lenye ukakasi mkali likiliwa bichi, na linalopendwa zaidi likishapikwa na sukari. Ufanano huo ni wa kweli, lakini ni wa sura na ladha tu. Damsoni ni aina ya plamu, ndugu ya zile zinazolimwa katika nyanda za juu za Nakuru kama Molo, na haina undugu na zambarau. Mti wake ni mfupi, hukua katika ua wa mashamba ya Uingereza, huchanua mwezi wa Aprili na kuvunwa mnamo Septemba, na mtu anaweza kuufikia kwa ngazi ndogo. Mashamba ya Shropshire na bonde la Lyth huko Cumbria ndiyo yanayosifika zaidi kwa tunda hili. Wenyeji wa huko hawalili sana bichi. Hulipika jamu, hulisonga na sukari hadi liwe kitu kigumu cha kukatwa vipande na kuliwa na jibini au nyama, au hulilowesha ndani ya pombe ya jini pamoja na sukari kwa miezi kadhaa.

Mapishi ya damsoni yalimsaidia mkaza mwana katika jambo moja na kumponza katika mawili. Yalimsaidia pale yalipoeleza kwamba tunda lipikwe kwanza na maji kidogo, bila sukari, mpaka ngozi ilainike na kupasuka, kwa kuwa sukari ikitangulia ngozi hukakamaa na hailainiki tena. Shauri hilo linaifaa zambarau kabisa.

Jambo la kwanza lililomponza ni kokwa. Katika mapishi ya damsoni, matunda huchemshwa mazima na kokwa zake huepuliwa kwa mwiko zinapoelea juu ya shira. Kazi hiyo ilimchosha, tena zambarau kwa jinsi ilivyo ina kokwa kubwa ikilinganishwa na nyama yake, kwa hiyo katika sufuria ya pili akaamua kuyatia matunda katika blenda pamoja na kokwa na kuchuja baadaye. Kokwa za zambarau si ngumu kama za plamu. Zilisagika, zikaacha chembechembe za kahawia, na tanini iliyo nyingi ndani yake ikaingia katika rojo lote. Hakuna kiasi cha sukari ambacho kingeweza kuuficha ukakasi ule. Njia inayofaa ni kuyachemsha matunda mpaka nyama iachane na kokwa, kisha kuyasugua juu ya chujio kwa mgongo wa mwiko wa mti, ili rojo lipite na kokwa zibaki juu zikiwa nzima. Inachosha mkono, lakini si kazi ya siku nzima.

Jambo la pili lina mafunzo zaidi, na ndilo lililoiharibu sufuria ya kwanza. Mapishi yalisema jamu iepuliwe ikifikia nyuzi joto 105. Mkaza mwana, ambaye ni mtu wa vipimo, alinunua kipimajoto, akakaa jikoni akikoroga na kungoja. Jamu ikawa nzito, ikaanza kurusha matone, ikabadilika harufu, na kipimajoto kilikuwa bado hakijafika. Aliiepua ilipofika 105 kamili, na ilipopoa ikawa kama peremende iliyoshikana na sufuria, yenye ladha ya sukari iliyoungua. Alilaumu jiko la makaa kwamba moto wake haulingani. Jiko halikuwa na kosa.

Nyuzi 105 ni kipimo cha mahali palipo karibu na usawa wa bahari, ambapo maji matupu huchemka kwa nyuzi 100. Jamu inakuwa tayari pale sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka vinapofikia takriban asilimia 65 ya uzito wake, na mchanganyiko wa kiwango hicho huchemka kwa nyuzi kama 4 hadi 5 juu ya kiwango cha maji matupu. Kinachofuatwa ni tofauti hiyo. Namba yenyewe hubadilika na mahali. Kisumu iko yapata mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwa nyuzi 96 hivi, kwa hiyo jamu inakuwa tayari ikifikia 100 au 101. Kuisubiri ifike 105 ni kuyafukuza maji mpaka sukari ipite asilimia 75, na hiyo si jamu tena. Mwenye kupika Nakuru, iliyo kwenye mita 1,850 hivi, ashuke zaidi, kwa sababu maji yake huchemka karibu na 94. Na mpishi wa plamu wa Molo, iliyo juu zaidi, ashuke tena. Njia ya uhakika haihitaji hesabu za mwinuko: mtu achemshe maji matupu kwanza, asome kipimajoto chake yanapotokota, aongeze nyuzi 4 na nusu, na hapo ndipo mahali pake pa kuepulia. Asiye na kipimajoto anaweza kudondosha tone la jamu juu ya sahani ya chuma iliyokuwa ikielea katika karai la maji baridi, angoje kidogo, kisha alisukume kwa kidole. Likikunja ngozi, jamu imeiva.

Nimeliona kosa hili la nyuzi 105 likirudiwa na watu waangalifu kabisa, na nadhani huwapata wao zaidi kuliko wapishi wanaokisia, kwa kuwa anayekisia huiepua jamu anapoiona imekuwa nzito.

Sufuria ya tatu haikuungua wala haikuwa chungu, ila ilikataa kushika. Siku tatu baadaye ilikuwa bado ni shira. Sababu yake ilitoka tena mtini. Kufikia hapo matunda ya waridi yalikuwa yameshatupwa kwa kudhaniwa kwamba hayana kazi, na yaliyopikwa yalikuwa yale yaliyoiva kupita kiasi. Pektini, ambayo ndiyo inayoishikisha jamu, hupungua nguvu kadiri tunda linavyozidi kuiva, na asidi inayoisaidia kushikana hupungua vilevile. Kama robo ya matunda ya sufuria ile ingekuwa ya waridi, na maji ya malimau mawili yakaongezwa kwa kila kilo ya rojo, ingeshika. Matunda ambayo mchuuzi aliyaacha barazani ndiyo hasa yaliyohitajiwa jikoni, tena siku hiyohiyo, kabla hayajachacha. Na hata baada ya jamu kupata sehemu yake, kuna njia nyingine: huko India zambarau ambazo hazijaiva kamili hutengenezewa siki nzuri ya rangi ya zambarau hafifu. Ukichukua ndoo 9 zilizobaki barazani ukazigawa kwa matumizi hayo jioni ileile, naamini hasara ingekuwa nusu ya ilivyokuwa, hata kwa uvunaji ule mbaya.

Kuhusu sufuria zenyewe ambazo mkaza mwana alizilaumu, lipo jambo dogo la kweli. Za alumini hazipendani na tunda lenye asidi likipikwa kwa muda mrefu, na chuma kitupu kikikutana na tanini hutoa weusi unaoiharibu rangi. Chuma kisichoshika kutu au sufuria ya enameli isiyobanduka inafaa zaidi. Hilo lingeboresha rangi; lisingeokoa sufuria hata moja kati ya hizo tatu.

Chupa chache za sufuria ya nne, iliyopikwa kwa matunda yaliyookotwa baadaye, zilikuwa nzuri, na hapo kukatokea jambo ambalo halihusu upishi. Mkaza mwana alichapisha vibandiko vilivyosema kwamba jamu inawafaa wenye ugonjwa wa kisukari. Alifanya hivyo kwa nia njema, kwa kuwa wateja walikuwa wakiulizia kokwa za zambarau kwa ajili ya ugonjwa huo. Ni kweli kwamba unga wa kokwa hizo umetumiwa na waganga wa India kwa muda mrefu, na majaribio kwa wanyama wa maabara yameonyesha dalili za kushusha sukari ya damu. Ushahidi kwa binadamu ni mwembamba zaidi. Huko Brazil, ambako majani yake hunywewa kama chai, majaribio hayakuonyesha kwamba chai hiyo inashusha sukari. Lakini hata kama kokwa zingekuwa dawa kamili, jamu haina kokwa, na karibu theluthi mbili za uzito wake ni sukari. Mgonjwa anayekiamini kibandiko hicho anaweza kudhurika vibaya, na mwenye kutumia vidonge au insulini hapaswi kuviacha kwa ajili ya mti wowote. Vibandiko viliondolewa. Zaidi ya hilo, jamu inayofungwa chupani na kuuzwa madukani inahitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, na hatua hiyo bado haijaanza; kwa sasa chupa zinaliwa nyumbani na kupewa wageni.

Kwa msimu unaofuata boma limebadilisha karibu kila kitu, na mabadiliko hayo nayaunga mkono isipokuwa moja. Mti hautauzwa tena mzima. Mchuuzi, ambaye wamepatana naye baada ya wazee kuingilia na gharama za hospitali kugawanywa, atanunua kwa gorogoro, yaani mkebe wa kupimia, matunda ya kila asubuhi, na atakayoyakataa ni ya jikoni. Neti ya kivuli, ya aina inayotumiwa kwenye vitalu vya miche na isiyo na dawa, itafungwa kwenye nguzo kwa urefu wa kiuno, ikiwa imelegea kidogo ili iyapokee matunda bila kuyarusha, nayo yatakusanywa alfajiri kabla ya jua kupanda. Mashada ya chini yatavutwa kwa ngoe, yaani mti mrefu wenye ndoano, uliofungwa mfuko wa kitambaa chini ya ndoano hiyo. Hakuna atakayepanda. Matunda yatakaa katika kreti fupi, kimo cha kiganja kimoja, badala ya ndoo, na yale ya kupikwa yatakuwa jikoni kabla ya adhuhuri.

Badiliko nisiloliunga mkono ni pendekezo la mzee la kuukata mti wote hadi kimo cha mtu kwa siku moja, ili matunda yafikike kwa mkono. Mzee ana sababu zake: madoa juu ya paa, mtoto wa mtu kuvunjika, na ugomvi uliomfikia hadi barazani kwake. Hata hivyo mti mkubwa ukikatwa kwa namna hiyo hutoa machipukizi mengi membamba na unaweza kukaa misimu kadhaa bila kuzaa vizuri, tena machipukizi yanayoota juu ya gogo lililokatwa hushikwa kwa udhaifu, na udhaifu wa matawi ndio tayari tatizo la mti huu. Kupunguza kidogo kidogo, baada ya kila mavuno, kwa kuanza na matawi marefu yanayoelekea paani, kungeufikisha kimo kinachofaa kwa miaka mitatu au minne huku ukiendelea kuzaa. Mzee amekubali matawi mawili ya upande wa jikoni yaondolewe kwanza. Kuhusu yale ya upande wa barabara, ambayo ndiyo yenye matunda mengi na ndiyo wapita njia huyapopoa, mazungumzo yake na dani yanaendelea.